Dharau Iliyofichwa: Namna ya Kuyataja Makundi ya Watu huko Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

1. Utangulizi

Matusi yaliyo wazi hayampi mchunguzi wa lugha kazi kubwa. Kila msemaji huyajua, mtoto hukanywa asiyatamke, na atukanaye hawezi kudai kwamba hakukusudia. Kazi iko katika usemi wa namna nyingine: ule ambao ukiufungulia kamusi huoni tusi ndani yake, lakini unaposemwa mbele ya watu wa kundi fulani huwaacha wamedhalilika, huku msemaji akiwa amejiwekea mlango wa kutokea. Akiulizwa, hujibu kwamba ametaja neno la kawaida tu, tena la kweli.

Eneo la Mlima Kenya lafaa sana kwa uchunguzi wa jambo hili. Katika miji ya Nyeri, Karatina, Othaya, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, lugha za Kikuyu, Kiembu, Kimbeere na Kimeru zimekaribiana kiasi kwamba msemaji wa moja huambulia mengi ya nyingine. Nanyuki imepakana na nyanda za Laikipia, ambako husemwa Kimaa. Juu ya hayo, walimu, askari, makarani na wafanyabiashara kutoka pande zote za Kenya wamehamia huko, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho sokoni na afisini. Kwa hiyo ni vigumu mtu kuishi katika miji hiyo bila kusikia jina analoitwa na jirani yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dharau ya namna hii haikai ndani ya neno lenyewe. Hukaa katika ngeli ambamo neno limetiwa, katika kuhamishwa kwa neno kutoka makao yake ya asili, katika sifa ambayo msemaji hujipa mwenyewe, na katika sitiari ambayo wasikilizaji wanaifahamu bila kufafanuliwa. Iwapo jambo hilo ni kweli, basi orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku, hata ikiwa ndefu namna gani, haiwezi kuwa kinga ya kutosha.

2. Ngeli na upatanisho

Wasemaji wa Kiswahili wanajua vema kwamba binadamu hupatanishwa kwa a- na wa- hata pale ambapo jina lake lina umbo la ngeli nyingine. Husemwa kijana amefika, kiongozi amesema. Lakini msemaji akitaka kudharau, huuvunja utaratibu huo kwa makusudi: kijitu kile kimefika, jitu lile limesema. Hakuna neno la tusi lililotamkwa. Kilichofanyika ni kumwondoa mtu katika upatanisho wa watu na kumweka pamoja na vitu.

Katika Kikuyu mbinu hiyo ina nafasi pana zaidi. Kutoka mũndũ hupatikana kĩmũndũ, yaani mtu mkubwa wa kuchukiza, na kamũndũ, yaani mtu mdogo, ambaye yaweza kuwa anapendwa au anadharauliwa kulingana na sauti ya msemaji. Jozi iliyo wazi zaidi ni kahĩĩ na kĩhĩĩ. Yote mawili humtaja mvulana ambaye hajatahiriwa. Kahĩĩ, lenye kiambishi cha udogo, ni neno la mapenzi. Mama humwita nalo mwanawe bila kumkosea yeyote. Kĩhĩĩ ni neno zito, na mvulana aliyekaribia umri wa tohara huliona kuwa aibu. Mzizi ni mmoja na mvulana ni mmoja. Tofauti yote imebebwa na kiambishi.

Mfano wa pili ni rũrĩrĩ, ambalo wingi wake ni ndũrĩrĩ. Maana yake ni taifa au kabila, na katika umoja Wakikuyu hujitaja nalo kwa heshima. Katika Biblia ya Kikuyu, ndũrĩrĩ ni mataifa, na ndilo neno linalotumika kwa wale wasio Wayahudi, kama vile Biblia ya Kiswahili inavyosema watu wa Mataifa. Hakuna awezaye kuliita tusi. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku wingi huo, usipoongezewa sifa yoyote, hauwahusu tena Wakikuyu; maana yake ni wote wasio sisi, wakiwa fungu moja lisilo na majina. Mluo, Mluhya, Mkamba na Mkalenjin huingizwa mfuko mmoja. Zaidi ya hayo, neno hilo hufuata upatanisho wa ngeli yake. Husemwa ndũrĩrĩ icio, kama vile isemwavyo mbũri icio, wale mbuzi. Hali watu ni andũ acio. Haidaiwi hapa kwamba kila atamkaye ndũrĩrĩ anawafikiria mbuzi. Upatanisho ni kanuni ya sarufi wala si hukumu ya moyo. Lakini sarufi imempa msemaji njia ya kuwataja majirani zake bila kulitumia neno watu hata mara moja, na msemaji mwenye nia mbaya huitambua njia hiyo.

3. Neno lililohamishwa kutoka makao yake

Maneno mengi ya dharau yalianza yakiwa majina halali ya hali au ya daraja fulani katika jamii. Ndani ya makao yake neno hueleza; likitolewa nje hushutumu.

Kĩhĩĩ ni mfano wa kwanza. Katika utaratibu wa rika za Wakikuyu, mvulana hupita kutoka daraja hilo na kuwa mwanake, na baadaye mũthuri. Kimeru kina mwiji kwa maana hiyo hiyo. Neno hutaja hatua ya maisha ambayo kila mwanamume wa jamii hiyo aliwahi kuwamo. Linapoelekezwa kwa mtu mzima wa Kiluo, maana hubadilika kabisa. Jadi ya Waluo haikuwa na tohara. Alama yao ya kuingia utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Kumwita mwanamume wa jamii hiyo kĩhĩĩ ni kumpima kwa kipimo ambacho si chake, kisha kumwambia kwamba ameshindwa mtihani. Ni kusema pia kwamba hawezi kuwa mzee, hawezi kuketi barazani, na hivyo hawezi kuongoza. Ndiyo sababu neno hili limesikika zaidi nyakati za uchaguzi kuliko nyakati nyingine.

Matokeo yake hayakubaki katika maneno. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na kutoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133. Miongoni mwa maovu iliyoyaandika ni wanaume wa Kiluo kutahiriwa kwa nguvu na magenge huko Naivasha na Nakuru. Watendaji wa unyama huo walifanya kwa kisu jambo ambalo neno lilikuwa limekwisha kulisema. Mwanaisimu hawezi kudai kwamba neno peke yake lilileta kisu. Lakini hawezi pia kulieleza tendo hilo bila kulieleza neno, kwani bila neno tendo halina maana.

Neno la wasichana, kĩrĩgũ, lilipitia njia iliyo karibu na hiyo. Lilimtaja msichana ambaye hajakeketwa. Mwaka 1929 misheni za Kiprotestanti katika nchi ya Wakikuyu, ikiwemo ile ya Waskoti huko Tumutumu karibu na Karatina, ziliwataka waumini waikatae desturi hiyo kwa kiapo. Mara moja jina la hatua ya maisha likawa jina la upande katika ugomvi wa kisiasa na kidini. Wasichana wa misheni waliimbwa hadharani katika ngoma iliyoitwa Mũthĩrĩgũ, ambayo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1930. Wale waliotia alama ya kidole kwenye kiapo waliitwa kĩrore, neno ambalo katika asili yake halina ubaya wowote, kwa kuwa lahusu alama ya kidole tu. Miaka mingi baadaye Bunge la Kenya lilikiri uzito wa usemi wa aina hii. Sheria ya mwaka 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji, katika kifungu cha 25, ilifanya kuwa kosa kumdhihaki mwanamke kwa sababu hakukeketwa, au mwanamume kwa sababu amemwoa mwanamke kama huyo.

Mfano wa tatu hauhusu kabila wala jinsia, bali ardhi. Mũhoi, wingi wake ahoi, ni mtu aliyeruhusiwa kulima katika shamba la ukoo usio wake. Neno latokana na kitenzi cha kuomba, kile kile kinachotumika kwa kumwomba Mungu. Zamani uhusiano huo ulikuwa wa urafiki: mũhoi hakulipa kodi, alileta pombe na mazao ya kwanza kwa heshima, na alisaidia kazi mwenyeji alipojenga. Hakuna aliyeaibika kwa kuwa hivyo. Mambo yalibadilika wakati wa Hali ya Hatari. Chini ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vya ardhi katika wilaya za Nyeri, Fort Hall na Kiambu vilikusanywa, vikapimwa, na kuandikishwa kwa majina ya wenyewe. Rejista ilikuwa na nafasi ya mwenye shamba. Haikuwa na nafasi ya rafiki aliyeomba. Ahoi wengi walitoka mikono mitupu, na pamoja nao likatoka neno lao. Tangu hapo kumwita mtu mũhoi ni kumwambia kwamba hana kwao, kwamba yupo hapo kwa hisani, na kwamba hisani hiyo yaweza kukoma. Sauti za neno hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni hati ya ardhi.

4. Sifa inayomtukana asiyetajwa

Kuna usemi ambao hautaji kundi jingine kabisa, na kwa sababu hiyo ni mgumu zaidi kuushitaki. Msemaji hujisifu mwenyewe, na msikilizaji wa kundi jingine huachiwa ajaze nafasi iliyobaki.

Katika ugomvi ule ule wa 1929 lilikuwapo neno karĩng'a, lenye maana ya safi au halisi, ambalo baadaye liliingia katika jina la chama kimoja cha shule za kujitegemea. Anayejiita halisi hajamtukana mtu. Lakini palipo na walio halisi, lazima wawepo walioghoshiwa, na kila mwanakijiji alijua ni akina nani.

Katika siasa za miaka ya karibuni mfano unaofanana ni usemi ũthamaki nĩ witũ, yaani uongozi ni wetu. Sentensi hii ina nomino moja, kitenzi kishirikishi na kimilikishi kimoja. Hakuna kabila lililotajwa, hakuna kitisho, hakuna sifa mbaya. Uzito wote umelalia kimilikishi. Katika kikao cha ukoo, wetu humaanisha wa ukoo huu. Katika mkutano wa kampeni unaotangazwa kwa redio nchi nzima, wetu huigawa nchi pande mbili, na upande wa pili huelewa kwamba kura zake haziwezi kuupata uongozi. Vivyo hivyo andũ aitũ, watu wetu, ni salamu ya upendo nyumbani, na ni mlango unaofungwa inapotamkwa afisini mbele ya mwenzi ambaye hajulikani kuwa wa nyumba hiyo.

5. Sitiari na ujuzi wa pamoja

Katika sitiari, dharau hujificha kwa njia nyingine tena: maneno yote ni ya shambani au ya nyumbani. Doa ni alama katika nguo, na chui ana madoadoa bila kulaumiwa na mtu. Kwekwe ni majani yanayoota pasipotakiwa, na mkulima mwema huyang'oa. Lakini tangu ghasia za Bonde la Ufa za mwaka 1991 na 1992, wasikilizaji wa huko waliyajua maneno haya kwa maana nyingine. Waliohamia kutoka nje, wengi wao Wakikuyu wenye asili ya Nyeri, Murang'a na Kiambu, ndio waliokuwa madoa katika kitambaa cha wenyeji.

Nguvu ya sitiari ya namna hii iko katika kitenzi kinachoifuata bila kutamkwa. Anayetaja doa amekwisha kutaja kufua. Anayetaja kwekwe amekwisha kutaja kung'oa. Msemaji hahitaji kutoa amri, kwa sababu picha yenyewe ina amri ndani yake. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, wengi wao wanawake na watoto wa Kikuyu, walichomwa humo moto. Baada ya hapo neno madoadoa halikuweza tena kurudia chui na kitambaa peke yake.

Hilo lilidhihirika Januari 2022. Mwanasiasa kutoka Meru, Mithika Linturi, aliyekuwa seneta wakati huo, alilitumia neno hilo katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret. Alikamatwa, akaomba radhi hadharani, na akaeleza kwamba aliwakusudia wagombea wa vyama vingine. Maelezo hayo yaliwezekana kisarufi, kwa kuwa neno halikutaja kabila. Lakini mahali na historia viliwapa wasikilizaji maana nyingine, na maana hiyo haikutegemea ruhusa ya msemaji. Funzo lake ni kubwa kwa watu wa Mlima Kenya: neno lililowahi kuwakusudia majirani wa karibu wa Meru lilitamkwa na mtu wa Meru, katika mji ule ule, mbele ya watu walioijua historia yake.

6. Jina linapoua lugha

Mifano iliyotangulia yaweza kumfanya msomaji afikiri kwamba madhara ya dharau ni ghasia tu. Kaskazini ya Nanyuki kuna mfano wa madhara ya kimya. Katika msitu wa Mukogodo, Laikipia, waliishi Wayaaku, watu waliojipatia riziki kwa asali na uwindaji, wakisema lugha ya Kikushi isiyofanana na Kimaa wala na Kikuyu. Mahari yao ilihesabiwa kwa mizinga ya nyuki. Majirani wao wafugaji waliwaita kwa jina la Kimaa ambalo Kiswahili na wakoloni waliligeuza kuwa Ndorobo. Jina hilo halitaji ukoo wala mahali. Latokana na wazo la umaskini, yaani kukosa ng'ombe.

Wakoloni waliliandika jina hilo katika kumbukumbu zao kana kwamba ni jina la kabila. Hivyo dharau ya mfugaji ikapata muhuri wa serikali. Katika miaka ya 1920 na 1930 Wayaaku walianza kufuga, mahari ikahama kutoka mizinga hadi mifugo, na pamoja na hayo wakaiacha lugha yao na kushika Kimaa. Wataalamu walipofika kuichunguza katika miaka ya 1970, waliobaki kuisema walikuwa wazee wachache. Sababu za uchumi zilikuwapo, na hazipaswi kudharauliwa. Hata hivyo, mzazi anayeitwa maskini kila anapofungua kinywa ana sababu nzuri ya kumfundisha mtoto wake lugha ya yule anayemwita hivyo.

7. Sheria na orodha

Baada ya ghasia za 2007 na 2008, Bunge lilipitisha Sheria ya Mshikamano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008. Kifungu chake cha 13 kilihusu maneno ya kutisha, ya matusi au ya kudhalilisha yanayochochea chuki ya kikabila, na adhabu yake iliwekwa kuwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 33, ilitenga matamshi ya chuki na uhuru wa kusema.

Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, tume iliyoundwa chini ya sheria hiyo ilitangaza orodha ya maneno yasiyofaa. Ndani yake mlikuwamo kihii, madoadoa na ũthamaki nĩ witũ, lakini pia mliingizwa misemo ya vijana kama sipangwingwi, ambayo maana yake ni kukataa kupangiwa mambo na mtu mwingine. Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda marufuku ya msemo huo. Kisa hicho chaonyesha udhaifu wa orodha kwa pande zote mbili. Hukamata neno la mzaha kwa sababu wanasiasa wamelitumia, na huliachia ndũrĩrĩ, mũhoi na kimilikishi wetu, kwa sababu hakuna njia ya kuyapiga marufuku bila kuipiga marufuku lugha yenyewe. Tena msemaji mwerevu akinyimwa doa atachukua kutu. Akinyimwa kwekwe atachukua mchwa.

8. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba usemi wa kudhalilisha hauna budi kupimwa ukiwa usemi kamili, wala si neno moja moja. Vipimo vitatu vyafaa kutumiwa pamoja. Cha kwanza ni cha ubadilishanaji: je, msemaji angekubali jamii yake itajwe kwa neno hilo, katika ngeli hiyo, mahali hapo? Mkikuyu hujiita rũrĩrĩ, lakini hajihesabu katika ndũrĩrĩ. Cha pili ni cha makao: je, neno limo katika utaratibu uliolizaa, au limepelekwa kwa watu ambao utaratibu huo hauwahusu? Cha tatu ni cha kitenzi kilichofichwa: je, picha iliyotumika yamtaka msikilizaji afanye nini?

Vipimo hivi vyadai kazi kutoka kwa idara za lugha. Kamusi za lugha za wenyeji hutoa maana ya neno na kuacha matumizi yake. Kĩhĩĩ huelezwa kuwa mvulana asiyetahiriwa, na mambo yakaishia hapo. Wakili anayemtetea mshitakiwa atalifungua kamusi hiyo na kuisoma mbele ya hakimu, na kamusi itakuwa upande wake. Kadhalika, mkalimani wa mahakama anayetafsiri ndũrĩrĩ kuwa makabila hajakosea, lakini ameiacha ngeli nje ya mlango wa mahakama, na pamoja nayo ameuacha ushahidi. Kinachohitajika ni maelezo ya matumizi katika kila kamusi, na wakalimani waliofundishwa kueleza nani husema neno, kwa nani, na mbele ya nani.

Mwisho, yafaa ikumbukwe kwamba elimu hii haimlindi tu anayetukanwa. Wengi watumiao usemi huu katika masoko ya Karatina na Nanyuki waliupokea kwa wazazi wao, na hawajawahi kuketi upande wa pili wa meza kuusikia. Mwanafunzi anayeonyeshwa darasani tofauti ya andũ acio na ndũrĩrĩ icio hafunzwi sarufi tu. Hupewa nafasi ya kuchagua, na atakapochagua baada ya hapo hataweza kusema kwamba hakujua.